Mwongozo kamili: jinsi ya kuziunganisha taasisi za serikali dhidi ya dawa za kulevya, kuanzia mtaa hadi wilaya

Kila wilaya ya Tanzania ina watu wanaolipwa mshahara kwa kazi inayogusa dawa za kulevya. Polisi wapo, mganga mkuu yupo, afisa ustawi wa jamii yupo, afisa elimu yupo, mwendesha mashtaka yupo. Na wengi wao wanafanya kazi zao. Shida huanza pale mtu au kitu kinapotoka ofisi moja kwenda nyingine. Kielelezo kinafika maabara bila maandishi ya aliyekibeba. Mraibu anatoka rumande bila mtu wa kumfikisha kliniki. Mwanafunzi anasimamishwa shule na hakuna anayeuliza kaenda wapi. Mwongozo huu umejikita kwenye makabidhiano hayo, maana huko ndiko jasho la watu wengi linakopotelea.

Nimewaandikia watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, madiwani, maafisa wa halmashauri na asasi za kiraia, pamoja na mzazi aliyechoka kuambiwa "nenda ofisi ile". Mifano yangu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Mamlaka yao wenyewe, na badala ya mwenyekiti wa mtaa mlango wa kwanza kwao ni sheha, lakini njia ya kazi ni hiyohiyo.

Tumefikaje hapa

Sheria ya mwaka 1995 ilileta Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Tume iliweza kuitisha vikao na kuandaa mipango, ila haikuwa na uwezo wa kukamata, kupekua wala kupeleleza. Iliratibu watu ambao hawakulazimika kuisikiliza. Sheria Na. 5 ya 2015 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo wengi tunaiita DCEA, na ikaipa nguvu ya ukamataji na upelelezi. Kamishna Jenerali wake wa kwanza, Rogers Sianga, aliteuliwa Februari 2017, na kazi ikaanza kuonekana. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Huo ni mzigo ambao ungegawanywa kuwa kete, yaani vipakiti vidogo vya kuuzia mtaani, zisizohesabika.

Upande wa tiba nao ulipiga hatua mapema. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani, ikiwemo Mbeya, Mwanza na Dodoma.

Kwa hiyo nchi haina upungufu wa taasisi. Sera imesimama juu ya nguzo nne: kupunguza upatikanaji wa dawa, kupunguza uhitaji, kupunguza madhara, na ushirikiano wa kitaifa, kikanda na kimataifa. Nguzo tatu za kwanza kila moja ina ofisi zake. Ya nne ndiyo yatima, kwa sababu ushirikiano hauna afisa anayepimwa kwa huo mwisho wa mwaka. Hatua zifuatazo zinaupa ushirikiano huo mtu wa kuubeba.

Hatua ya 1: Andika nani ana mamlaka gani

Kabla ya kuitisha kikao chochote, chukua karatasi moja uandike ofisi zote zinazogusa jambo hili katika wilaya yako, na mbele ya kila moja uandike kile ambacho ofisi hiyo pekee inaweza kukifanya kisheria. Msisitizo uko kwenye neno "pekee". Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kukamata. Mkuu wa Polisi wa Wilaya hawezi kuandikia mtu methadoni. Mwenyekiti wa mtaa hana ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu kwa sababu amesikia tetesi.

Karatasi yako isikose hawa:

- DCEA kupitia ofisi ya kanda yako: operesheni kubwa, upelelezi wa mitandao, elimu kwa umma. Namba yao ya bure ni 119.
- Jeshi la Polisi: mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), mkuu wa upelelezi wa wilaya, polisi kata.
- Ofisi ya Taifa ya Mashtaka: wanaoamua kama jalada linatosha kwenda mahakamani.
- Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali: wanaothibitisha kwamba unga ni heroini na si unga wa muhogo. Ndio pia wanaosajili wanaoagiza kemikali.
- Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, pamoja na Baraza la Famasi.
- Forodha ya TRA, Bandari na Uhamiaji, kama uko pwani, mpakani au kwenye uwanja wa ndege.
- Mganga Mkuu wa Wilaya, mratibu wa UKIMWI, mratibu wa kifua kikuu, na kliniki ya methadoni iliyo karibu.
- Ustawi wa Jamii, Maendeleo ya Jamii, Elimu, Magereza.

TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, watu huwasahau. Waweke. Dawa hazipiti kwenye kizuizi kwa bahati, na mwananchi anayeshuku kwamba mtumishi amepokea kitu anahitaji mlango wa pili wa kubisha hodi.

Mkimaliza, wapigieni simu wahusika wote mthibitishe. Mtashangaa ni maafisa wangapi wanadhani kazi fulani ni ya mwenzao.

Hatua ya 2: Jueni tatizo lenu ni lipi

Dawa za kulevya si tatizo moja. Temeke na Tanga mjini linaweza kuwa heroini: inayotoka Afghanistan, ikavuka Bahari ya Hindi kwa majahazi kutoka pwani ya Makran na kushushwa kwenye mwambao wetu. Same, Kilimanjaro, kuna mashamba ya mirungi. Arumeru na Tarime kuna bangi. Mji mwingine shida yake kubwa ni tramadoli na valiamu zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari. Kila moja inataka ofisi tofauti itangulie. Wilaya inayoiga mpango wa jirani hujikuta inaomba kliniki ya methadoni wakati vijana wake wanakula mirungi. Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Kwa bangi, mirungi au pombe haisaidii kitu.

Kusanyeni mlichonacho tayari. Polisi wana majalada. Hospitali ina rejesta ya wagonjwa wa nje na ya wodi ya afya ya akili. Shule zina kumbukumbu za nidhamu. Asasi zenye waelimishaji rika wanajua vijiwe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nyumba ambayo mabomba ya sindano yanaokotwa uani asubuhi. Wekeni takwimu hizo mezani: maeneo, aina ya dawa, umri, jinsia, miezi.

Msiweke majina. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona kikao kizuri kikiharibika hapa. Mjumbe mwenye nia njema anasema, "Tuleteeni orodha ya mateja wote wa kata." Orodha ikitoka kwa mwelimishaji rika kwenda polisi, kesho yake hakuna atakayemfungulia mwelimishaji huyo mlango, na njia pekee ya kuwafikia waraibu imekufa. Taarifa za muuzaji ziende DCEA au polisi kwa siri, kupitia 119 au kwa afisa upelelezi. Taarifa za mgonjwa zibaki kwa watu wa afya. Andikeni kanuni hiyo kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, kila mmoja asaini.

Neno "teja" nalo liacheni nje ya nyaraka za serikali. Andikeni mraibu, au mtumiaji. Daktari anayeandika teja kwenye faili hatapata mgonjwa anayemwamini.

Wanawake watafuteni kwa makusudi. Vijiweni wanaonekana wachache na kliniki wanafika wachache zaidi, mara nyingi kwa sababu wana watoto, au kwa sababu anayewapa dawa ndiye anayewaweka ndani. Dawati la jinsia la polisi na afisa ustawi wanaingia hapa.

Hatua ya 3: Msiunde kamati mpya

Kishawishi cha kwanza ni kuunda kamati yenye jina refu, mwenyekiti, makamu na posho. Itakutana mara mbili, bajeti iishe, ife.

Tumieni vikao vilivyopo. Wilayani kuna Kamati ya Usalama chini ya Mkuu wa Wilaya, na katani kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani. Ombeni jambo hili liwe ajenda ya kudumu kwenye vyote viwili. Kisha chini yake wekeni kikundi kazi kidogo cha watu watano hadi saba: afisa upelelezi, mtu wa afya, afisa ustawi wa jamii, wakili wa serikali au mwendesha mashtaka, mtu wa elimu, mwakilishi wa asasi. Na mmoja aliyepona uraibu, anayelipwa nauli kama wengine na kusikilizwa kama wengine. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba mgonjwa anayesubiri dozi tangu alfajiri hawezi kuvumilia foleni hadi saa tano.

Mratibu awe mmoja, na awe mtumishi ambaye ofisi yake haikamati wala haitibu. Afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii anafaa zaidi, kwa sababu polisi akiwa mratibu watu wa afya wananyamaza, na daktari akiwa mratibu polisi wanatuma koplo asiye na maamuzi. Barua ya uteuzi isainiwe na Mkurugenzi wa Halmashauri au Katibu Tawala wa Wilaya na itaje kazi zake. Mtumishi akihama, barua ibaki na kiti kijazwe ndani ya mwezi.

Kikao kimoja kwa mwezi kinatosha. Ajenda isizidi mambo matatu: kilichokwama tangu kikao kilichopita, nani atakikwamua, na kesi mpya za makabidhiano. Hotuba ziachieni tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, ambayo ina nafasi yake.

Hatua ya 4: Rekebisheni makabidhiano, moja baada ya jingine

Hapa ndipo penye kazi hasa, na nitakaa hapa kuliko kwingine. Kila kabidhiano liandikiwe ukurasa mmoja: anayetoa nani, anayepokea nani, kwa karatasi gani, ndani ya saa ngapi, na nani anapigiwa simu mambo yakikwama.

*Kielelezo, kutoka mtaani hadi mahakamani*

Polisi wanamkuta mtu na kete arobaini ndani ya kopo la dawa ya viatu. Wilaya nzima inajua anauza. Mwaka mmoja baadaye anaachiwa, na mtaani watu wanasema mahakama imenunuliwa. Mara nyingi sababu imo kwenye jalada lenyewe: kete zilitoka mfukoni kwa askari mmoja, zikalala kwenye droo ya mwingine, zikapelekwa kwa Mkemia na wa tatu, na hakuna karatasi inayoonyesha safari hiyo. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, iliweka wazi kwamba lazima pawepo na mfululizo wa maandishi unaoonyesha kielelezo kilikamatwaje, kilitunzwa na nani, kilihamishwa vipi, kilipimwa wapi na kiliishia wapi. Baadaye mahakama imelegeza kamba kwa vitu visivyobadilishika kirahisi vinapopita mikononi, mathalani pikipiki. Kete ya unga si pikipiki. Hubadilishwa ndani ya sekunde.

Basi kikundi kazi kikae na askari wanaofanya doria, si mabosi wao tu, wapitie safari nzima. Pekua mbele ya shahidi huru, na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe awe tayari kuitwa hata usiku wa manane. Jaza hati ya ukamataji mali palepale, kila aliyekuwepo asaini. Hesabu kete, pima uzito kama mizani ipo, weka ndani ya bahasha, ifunge, iandike namba ya kesi na tarehe. Ingiza kwenye rejesta ya vielelezo kituoni. Anayeitoa stoo asaini kutoa, anayeipeleka maabara asaini kupokea, na afisa wa Mkemia Mkuu asaini tena. Ripoti ikirudi, irudi na kielelezo kwa njia hiyohiyo.

Kuna jambo dogo linaloangusha kesi za bangi. Bangi mbichi hukauka. Ikiwa kilo zilizoandikwa siku ya kukamata hazilingani na za maabara na hakuna aliyeeleza kwamba ilikuwa mbichi, wakili wa utetezi atauliza kilichopungua kimekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza. Andikeni hali ya mzigo siku hiyohiyo: mbichi au mkavu, kwenye gunia au kwenye salfeti.

Mwombeni wakili wa serikali aje kila robo mwaka na majalada yaliyofungwa kwa kushindwa, aonyeshe kila moja lilianguka kwenye karatasi gani. Mafunzo ya aina hiyo yanawakaa askari kichwani kuliko semina ya hotelini, kwa sababu ni kesi zao wenyewe.

*Mraibu aliye kwenye tiba, anapokamatwa*

Fikirieni kijana anayekunywa methadoni kila asubuhi mbele ya muuguzi. Dawa hiyo hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa kuwa nguvu yake ni ya takriban siku moja. Ijumaa alasiri msako unapita kijiweni, anazolewa na wengine. Jumamosi na Jumapili yuko mahabusu. Jumamosi usiku arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, inaanza: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, kutapika. Jumatatu anafikishwa mahakamani, Jumanne anapata dhamana. Akienda kliniki amekosa dozi tatu au nne, na daktari hawezi kumrudishia dozi yake ya zamani bila kumpima upya, kwa sababu mwili umeshapunguza ustahimilivu na dozi ileile inaweza kumwua. Wengi hawarudi kliniki. Wanarudi kwenye kete. Miezi ya kazi ya madaktari imefutwa na wikiendi moja, na hakuna askari aliyekusudia hilo.

Suluhisho halihitaji bajeti. Kituo cha polisi kibandike ukutani, karibu na kitabu cha mahabusu, namba ya simu ya kliniki. Kila anayeingizwa mahabusu aulizwe swali moja: "Uko kwenye dawa yoyote ya kila siku?" Swali hilo litawasaidia pia wenye kisukari, kifafa na wanaotumia ARV. Akisema methadoni, kliniki inapigiwa simu asubuhi hiyo kuthibitisha, na polisi wanamsindikiza akanywe dozi au wanakubaliana na kliniki namna ya kumfikishia kwa utaratibu wake. Kesi yake inaendelea kama kawaida. Tiba haimwondolei mtu hatia.

Makubaliano ya pili: doria isikae mlangoni mwa kliniki. Ni rahisi kukamata waraibu pale, wote wako sehemu moja. Ila ukikamata mara moja, mwezi mzima hawaji.

*Gereza, kliniki, nyumbani*

Siku za kwanza baada ya kutoka gerezani, au baada ya kutoka nyumba ya upataji nafuu (sober house), wanakokaa waraibu wanaoacha dawa, ndizo za hatari kubwa ya kufa. Mwili umekaa bila heroini, ustahimilivu umeshuka, mtu anarudi kijiweni na kutumia kipimo alichokizoea zamani. Anasinzia na haamki.

Ofisa wa Magereza na afisa ustawi wakubaliane kwamba majina ya wanaokaribia kutoka na wenye historia ya uraibu, kwa ridhaa yao, yanafika kliniki mapema, na kwamba kuna mtu, ndugu au mwelimishaji rika, anayempokea langoni siku hiyo. Kutoka gerezani na barua ya rufaa mkononi ni jambo moja. Kusindikizwa hadi dirishani ni jingine kabisa. Kwa aliyezidisha dozi, kikundi kazi kiulize hospitali ya wilaya kama naloksoni, dawa inayoondoa haraka athari ya heroini mwilini, ipo kwenye chumba cha dharura usiku, si stoo ya mchana tu. Na isemwe hadharani, na OCD mwenyewe, kwamba anayemleta mwenzake aliyezidisha hataulizwa kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wala hatakamatwa mlangoni. Leo hii marafiki humtelekeza mtu barazani na kukimbia. Anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi, pumzi inachelewa; mtu huyo alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali, kwa bodaboda ikibidi.

*Kliniki kwa kliniki*

Hata ndani ya hospitali moja watu hawaongei. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, huifanya methadoni itoke mwilini haraka. Mgonjwa anaanzishiwa dawa za TB dirisha la pili, methadoni haiongezwi, arosto inamrudia akiwa kwenye tiba, na anajua dawa moja tu ya kuituliza. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo hufanya hivyo. Mratibu wa TB, mratibu wa UKIMWI na daktari wa methadoni wawe na utaratibu kwamba hakuna anayeanzisha au kusitisha dawa hizo bila kumwarifu mwenzake siku hiyohiyo. Waliokuwa wakichangia sindano wana hatari ya VVU na homa ya ini aina ya B na C, kwa hiyo wagonjwa wanaotibiwa na madaktari hawa kwa pamoja ni wengi kuliko wanavyodhani.

*Shule*

Mwanafunzi akikutwa na bangi, mwalimu mkuu ana fimbo, barua ya kumsimamisha, na polisi. Mpeni njia ya nne: simu kwa afisa ustawi wa kata. Mtoto na mzazi waonwe ndani ya wiki moja, na tarehe ya kurudi darasani iandikwe kwenye barua hiyohiyo ya kumsimamisha. Anayemuuzia mtoto ndiye anayetafutwa na polisi, na mtoto anasaidiwa kusema bila kupelekwa kituoni peke yake.

Hatua ya 5: Msisahau kaunta ya duka la dawa

Macho yote yako kwenye unga, wakati tramadoli, diazepamu na dawa za kikohozi zenye kodeini zinatoka kwa leseni. Hizi ni dawa tiba zenye asili ya kulevya. Mgonjwa wa kweli anazihitaji na haitakiwi zikosekane. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuziuza, na famasi inaziuza kwa cheti tu. Afisa wa TMDA au mfamasia wa wilaya alinganishe manunuzi ya famasi na vyeti vilivyobaki kwenye jalada lake. Makopo mengi yaliyoingia na vyeti vichache ndiyo ushahidi, na ukaguzi huo hauhitaji bunduki. Akikuta kasoro, polisi na Baraza la Famasi wapate nakala pamoja, siku moja, ili mmoja asimsubiri mwingine.

Kemikali bashirifu, zile halali za viwandani zinazoweza kugeuzwa kutengeneza dawa za kulevya, ziko chini ya usajili wa Mkemia Mkuu. Kama wilaya yako ina viwanda, maghala au bandari, muulizeni afisa wake wa kanda orodha ya waliosajiliwa. Anayeagiza asetoni nyingi kuliko biashara yake inavyoweza kutumia anafaa kutembelewa.

Hatua ya 6: Baada ya arosto

Arosto ya heroini huanza ndani ya saa kama 6 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na makali yake hupungua ndani ya wiki hivi. Uraibu wenyewe hauishi kwa wiki. Familia nyingi hudhani mtoto akitoka nyumba ya upataji nafuu amemaliza.

Kabla ya kumpeleka mtu kwenye nyumba hizo, mratibu azikague: imesajiliwa? Inatambuliwa na DCEA? Kuna mhudumu wa afya anayepita? Wanafunga watu kwa minyororo, wanapiga? Nyumba inayopiga ifungwe, hata kama wazazi wanaisifu.

Kisha kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Afisa maendeleo ya jamii awasaidie waliotulia kwenye tiba kusajili kikundi, na wapewe mkopo kama vijana wengine, bila kuandikwa "waraibu" kwenye fomu. Chuo cha VETA kilicho karibu kiombwe kupanga ratiba ya mchana, kwa kuwa asubuhi ni ya dozi. Kukosekana kwa kitu kidogo hicho cha ratiba kumewafanya vijana wengi wachague kati ya ufundi uashi na methadoni, na hakuna aliyepaswa kuwalazimisha kuchagua.

Mipakani

Mirungi ni biashara halali Kenya na kosa Tanzania. Ndiyo maana Namanga, Holili na Horohoro kikundi kazi bila Forodha na Uhamiaji ni bure. Jengeni mazoea na wenzenu wa upande wa pili: NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina namba ya bure 1192, na familia nyingi za mpakani zina ndugu pande zote mbili, kwa hiyo mgonjwa anaweza kutibiwa Mombasa na kuishi Tanga. Barua ya rufaa yenye jina la dawa na kiasi cha dozi inavuka mpaka vizuri kuliko maneno ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Pimeni kitu sahihi

Idadi ya waliokamatwa ni kipimo dhaifu. Ukizoa kijiwe kizima, namba inapanda na muuzaji yuko nyumbani anakula chakula cha jioni. Pimeni haya: kati ya kesi zilizofunguliwa ngapi zilifika hukumu, kati ya waliopewa rufaa wangapi walifika kliniki, kati ya waliofika wangapi bado wapo baada ya miezi sita, wanafunzi wangapi waliosimamishwa walirudi, siku ngapi zinapita kati ya sampuli kufika kwa Mkemia na ripoti kurudi. Kila namba hapo inahitaji ofisi mbili kukubaliana, na ndiyo maana inafaa. Namba mbaya isitumiwe kumwumbua afisa kikaoni, vinginevyo mwezi ujao mtaletewa namba nzuri za uongo.

Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, kwa ufupi, bila majina.

Ukiwa mwananchi tu

Huhitaji kusubiri wakubwa wakae. Ukijua muuzaji, piga 119. Toa mahali, saa na aina ya gari, usitoe hisia. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au kituo cha afya, uombe barua ya rufaa yenye muhuri na jina la aliyeisaini. Ukifika unakopelekwa ukaambiwa "si kwetu", mwombe aandike hivyo nyuma ya barua, aweke jina na tarehe. Rudi nayo kwa aliyekutuma, nakala mpe diwani. Diwani mwenye barua ya aina hiyo mkononi ana swali la kuuliza kwenye Baraza la Madiwani, na swali hilo litahitaji jibu.

Wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza, karatasi ya mamlaka na simu. Wiki ya pili, barua ya uteuzi wa mratibu na ombi la ajenda kwa Mkuu wa Wilaya. Wiki ya tatu, kikao cha kwanza, kanuni ya majina isainiwe, na mchague kabidhiano moja tu la kuanza nalo. Ningekuwa mimi, ningeanza na mahabusu na kliniki, kwa sababu linahitaji namba moja ya simu ukutani na swali moja kwenye kaunta. Wiki ya nne, mratibu aende kituoni Jumamosi asubuhi, bila kutoa taarifa, aangalie kama karatasi bado imebandikwa na kama askari wa zamu anajua ni ya nini.